Hamali na Mwenye Mzigo: Nani Amlipe Mwenzake?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Mtu akiteremka na magunia yake sokoni Kariakoo, au akishuka na masanduku yake pale bandarini Mombasa, humwita hamali. Watapatana ujira, mzigo utabebwa, na ukifika uendako mwenye mzigo atatia mkono mfukoni amlipe mchukuzi wake. Hiyo ndiyo desturi, wala hakuna anayeihoji. Lakini iko biashara moja ambayo ndani yake mwenye mzigo humgeukia hamali na kumwambia: "Umebeba mzigo wangu, basi nilipe." Na hamali naye hujibu: "Nikulipe nini, nami nimekufikishia mzigo mahali ambapo wewe usingefika?"

Biashara hiyo ni ya televisheni. Mwenye mzigo ni kituo cha nyumbani, kile kinachoajiri waandishi, kinachonunua kamera, kinachotuletea habari za mji wetu na mpira wa timu zetu. Hamali ni kampuni ya dishi, ile inayochukua matangazo hayo, kuyapandisha kwenye setilaiti iliyo umbali wa kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta, na kuyashusha tena katika king'amuzi cha mtu aliyelipia mwezi wake. Wawili hao wamekuwa wakigombana kwa miaka mingi juu ya nani amlipe nani. Na kila wanapogombana, kioo kinachokuwa cheusi ni cha mtu wa tatu, ambaye alikwisha kulipa.

Yafaa tuufuate ugomvi huu tangu mwanzo wake, na mwanzo wake uko Marekani.

Mawimbi ya televisheni husafiri kama mwanga wa tochi, moja kwa moja. Yakikutana na mlima hayapindi. Kwa hiyo mwaka 1948, katika miji ya mabondeni huko Pennsylvania na Oregon, watu walinunua televisheni wasione kitu. Wafanyabiashara wakabuni njia: wakasimamisha antena kubwa kileleni au juu ya jengo refu, wakavuta waya hadi majumbani, wakatoza ada. Je, wenye vituo walikasirika? La, hasha. Walifurahi. Kila nyumba iliyoongezwa na waya ilikuwa mtazamaji mpya, na watazamaji wakizidi, bei ya matangazo ya biashara nayo huzidi. Wakati ule hamali alibeba mzigo bure, mwenye mzigo akashukuru.

Urafiki huo haukudumu. Waya zilipoenea, kampuni zake zilianza kuleta vituo vya miji ya mbali na kuvishindanisha na vya nyumbani. Wenye vituo wakaingiwa na hofu. Katika miaka ya 1960 tume ya serikali inayosimamia mawasiliano ya Marekani ikaamuru kampuni za waya zibebe vituo vya nyumbani, zipende zisipende. Hilo ndilo sharti la kubeba, nalo tutalikuta tena huku kwetu. Wakati huohuo wenye filamu na vipindi walikwenda mahakamani kudai hakimiliki yao. Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia mara mbili, mwaka 1968 na mwaka 1974, kwa hoja kwamba kampuni ya waya haifanyi zaidi ya kumrefushia mtazamaji antena yake. Bunge likaingilia kati mwaka 1976 na kuweka ada iliyopangwa kisheria kwa ajili ya wenye vipindi. Lakini kituo cha nyumbani, kwa matangazo yake kubebwa katika mji wake mwenyewe, hakikupata hata senti.

Mambo yaligeuka mwaka 1992. Kufikia hapo zaidi ya nusu ya nyumba za Wamarekani zilikuwa zikitazama televisheni kwa waya, na mahakama zilikuwa zimelifuta sharti la kubeba mara mbili, mwaka 1985 na 1987. Bunge likatunga sheria mpya. Rais George Bush, yule baba, aliikataa. Tarehe 5 Oktoba 1992 Bunge likampiku kwa theluthi mbili za kura. Katika sheria zote alizozikataa Rais yule, ni hiyo moja tu iliyopita bila ridhaa yake.

Sheria hiyo iliwapa wenye vituo hiari, waichague kila baada ya miaka mitatu. Kituo kinaweza kusema: "Nibebe kwa lazima," kisha kisidai malipo. Au kinaweza kusema: "Usinibebe bila ridhaa yangu," kisha kikae mezani kutafuta bei. Wakishindwa kupatana, hamali hana ruhusa ya kuugusa mzigo. Angalieni hekima iliyokusudiwa: kituo kidogo ambacho hakuna anayekililia kingechagua lazima, na kituo kikubwa chenye mchezo unaopendwa kingechagua bei.

Lakini haki iliyoandikwa kwenye karatasi ni jambo moja, na nguvu ya kuidai ni jambo jingine. Mwaka 1993 wenye vituo walipofika mezani, kampuni kubwa za waya zilikataa kutoa fedha taslimu. Zilijua kwamba katika miji mingi hapakuwa na hamali mwingine. Mashirika makubwa ya televisheni yakakubali kulipwa kwa njia nyingine: yapewe nafasi ya kuanzisha chaneli mpya kwenye waya. Chaneli ya ESPN2 ilizaliwa katika mapatano hayo, na ile ya FX pia. Shirika la CBS lilishikilia fedha, na mwishowe likatoka mikono mitupu.

Ni kitu gani basi kilichowapa wenye mzigo sauti? Ni dishi. Mwaka 1994 kampuni ya DirecTV ilianza kuuza dishi dogo la inchi 18, na mwaka 1996 ikafuata DISH, kampuni ya Charlie Ergen, mtu aliyewahi kutafuta riziki kwa kucheza karata. Mwanzoni madishi hayo hayakubeba vituo vya nyumbani. Sheria haikuruhusu, na nafasi angani ilikuwa finyu. Mwenye dishi alilazimika kubaki na antena yake ya kizamani kwa ajili ya habari za mji wake. Wengine waliuziwa vituo vya miji ya mbali, jambo ambalo sheria ya mwaka 1988 iliwaruhusu wale tu ambao antena zao hazikupata kitu, na mwaka 1998 mahakama huko Miami iliamuru wengi wakatiwe. Malalamiko yao yalifika Bungeni. Novemba 1999 ikatoka sheria ya kuziruhusu kampuni za dishi kubeba vituo vya nyumbani katika miji yake, na kuanzia Januari 2002 kampuni iliyobeba kituo kimoja cha mji ilitakiwa kuvibeba vyote vya mji huo vilivyoomba.

Tangu hapo mizani ikabadilika. Hamali alipokuwa mmoja, mwenye mzigo alinyamaza. Mahamali walipokuwa wawili watatu, mwenye mzigo aliweza kusema: "Usiponilipa, mteja wako atanifuata kwa jirani yako." Na kweli mteja angeweza kuhama.

Hapo ndipo vioo vilipoanza kuwa vyeusi. Mei 2000 kampuni ya waya ya Time Warner iliiondoa ABC, mali ya Disney, katika nyumba zipatazo milioni tatu na nusu, zikiwamo za New York na Los Angeles. Haikupita hata siku mbili, kelele za watu zikairudisha. Machi 2004 ilikuwa zamu ya dishi: DISH iligombana na Viacom, mwenye CBS, na kwa siku mbili hivi wateja wake wapatao milioni tisa wakakosa chaneli kama MTV na ile ya watoto ya Nickelodeon; wengine wakakosa na CBS yao ya nyumbani. Tarehe 7 Machi 2010 nyumba milioni tatu za eneo la New York ziliamka bila ABC. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu jioni yake zilikuwa zikitolewa tuzo za Oscar. Mapatano yalifikiwa sherehe ikiwa imekwisha kuanza. Oktoba mwaka uleule watazamaji wa kampuni hiyohiyo walikosa Fox kwa majuma mawili, na pamoja nayo michezo ya mwanzo ya fainali za besiboli. Mwaka 2013 CBS na Time Warner zilivutana kwa mwezi mzima wa Agosti. Agosti 2015 DISH ilipoteza vituo 129 vya kampuni ya Sinclair kwa mkupuo mmoja, hata mwenyekiti wa tume ya mawasiliano akabidi aingilie kati.

Mtaona, ndugu zangu, kwamba siku za ugomvi hazichaguliwi ovyo. Mkataba hupangwa uishe karibu na siku ambayo watu wana hamu kubwa ya kutazama, kama vile muuza maji anavyopandisha bei mabomba yanapokauka. Kila upande hununua tangazo kumlaumu mwenzake. Na mtazamaji hupewa namba ya simu, aambiwe apige kumlalamikia yule mwingine. Hivyo mtu aliyelipa hugeuzwa askari katika vita visivyo vyake.

Na fedha je? Zilipatikana. Kwa makadirio ya wachunguzi wa biashara hiyo, mwaka 2006 malipo ya kampuni za waya na dishi kwa vituo vya nyumbani yalikuwa kama dola milioni 200 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 2010 yalikuwa yamepita dola bilioni 10. Nani alizitoa? Si hamali. Kampuni nyingi zilianza kuandika kwenye ankara mstari wa pekee, "ada ya vituo vya nyumbani", nao ukanenepa mwaka hata mwaka. Wala si zote zilizobaki nyumbani. Zamani mashirika makubwa ya New York yalivilipa vituo vya mikoani ili virushe vipindi vyake. Siku hizi vituo ndivyo vinavyoyalipa mashirika. Mtoa fedha alitoa kwa kuambiwa kwamba anaokoa habari za mji wake, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikapanda gari kwenda mjini mkuu wa biashara. Wengi walichoka, wakakata waya na kushusha madishi.

Isidhaniwe kwamba fedha lazima zielekee upande huo. Uingereza zilikwenda kinyume. Huko kituo cha ITV kilipoingia katika dishi la kampuni ya Sky mwaka 2001, kilikuwa ndicho kilicholipa. BBC nayo iliilipa Sky mamilioni ya pauni kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2014 walipokubaliana kwamba BBC haitalipa tena. Mzigo ni uleule, dishi ni lilelile. Marekani hamali analipa, Uingereza mwenye mzigo alilipa. Hii yatufundisha kwamba hakuna bei ya asili katika jambo hili. Bei hutokana na nani anamhitaji nani zaidi siku ile, na sheria imempa nani fimbo.

Sasa turudi nyumbani, kwani na sisi tumeyaonja.

Mataifa yalipokutana Geneva mwaka 2006 yalipatana kwamba sehemu yetu ya dunia iache mfumo wa zamani wa analojia ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Kuhama huko kulileta kitu kipya: mwenye kituo hakuhitaji tena mnara wake. Matangazo yake yangebebwa na mwenye leseni ya kusambaza. Kwa maneno mengine, sheria ilimtenga mwenye mzigo na hamali, hata pale walipokuwa mtu mmoja.

Kenya, makampuni matatu makubwa, Nation yenye NTV, Standard yenye KTN na Royal Media yenye Citizen, yalipinga mahakamani mwaka 2013. Mojawapo ya malalamiko yao ni hili hasa tunalolizungumza. Kampuni za StarTimes na GOtv zilikuwa zikibeba matangazo yao katika ving'amuzi vyao. Mfumo ule ni wa antena, si wa dishi, ingawa GOtv ni ndugu wa tumbo moja na DStv; lakini ugomvi ni uleule. Wenye vituo walisema: "Sisi tunagharimia vipindi, nyinyi mnavitumia kuuza ving'amuzi vyenu, na hamkutuomba." Wachukuzi wakajibu: "Sisi tumeamriwa na mdhibiti tuwabebe. Tungewaombaje ruhusa ya jambo la lazima?"

Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa madai ya wenye vituo Desemba 2013. Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi Machi 2014. Kisha Mahakama ya Juu, tarehe 29 Septemba 2014, ikaupindua ushindi huo na kusema kwamba mchukuzi anayebeba kwa kutimiza sharti la kubeba hajaiba hakimiliki ya mtu. Pamoja na hayo ilitaka suala la leseni ya usambazaji kwa wenye vituo lishughulikiwe, na baadaye wakaipata kwa kampuni yao ya pamoja. Lakini mvutano wa tarehe ya kuzima analojia uliendelea, na Februari 14, 2015 maofisa wa mdhibiti wakisindikizwa na polisi walizima mitambo yao. Kwa karibu majuma matatu Wakenya walikosa vituo walivyovizoea kuliko vyote, katika nchi ambayo taarifa ya habari ya saa moja usiku huwakusanya watu kama wito wa chakula.

Tanzania ilikuwa imetangulia, ikaanza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Hapa sharti la kubeba waliwekewa wachukuzi wa antena za nchi kavu: vituo vya taifa visivyolipiwa vionekane hata kifurushi cha mteja kikiisha. Lakini dishi nalo lilikuwa limeingia kwa kishindo, hasa Azam ilipoanza mwaka 2013 pamoja na DStv na Zuku. Huko vijijini, ambako minara ya nchi kavu haikufika, dishi ndilo lililoleta taarifa ya habari ya ITV au Channel Ten. Ndipo mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliposema kwamba leseni za kampuni hizo ni za televisheni ya kulipia, wala haziziruhusu kubeba vituo ambavyo mwananchi anapaswa kuvitazama bure. Agosti mwaka huo vituo hivyo vikatoweka kwenye madishi.

Hoja ya Mamlaka haikuwa ya ovyo. Mtu asitozwe fedha kwa kitu alichoahidiwa bure. Hilo ni neno la haki. Lakini tazameni matokeo yake kwa yule mwananchi ambaye hakuna mnara wa nchi kavu karibu naye. Kitu chake cha bure kililindwa kikalindwa, hata asikione kabisa. Na mwenye kituo? Alipoteza macho ya watu hao, naye huishi kwa matangazo ya biashara, na mfanyabiashara halipii tangazo lisilotazamwa.

Basi zipo nchi tatu na sheria tatu. Marekani ilisema: patanenini bei. Kenya ilisema: beba, ni lazima. Tanzania mwaka 2018 ilisema: usibebe. Amri tatu zinazopingana, na kote mtazamaji alikaa gizani. Kwa nini? Kwa sababu kila sheria ilihesabu watu wawili, mwenye mzigo na hamali, ikamsahau anayeungojea mzigo. Yeye hakuwa na kiti mezani, ilhali fedha zote zilizokuwa mezani ni zake: za kifurushi, za king'amuzi, na za sabuni na unga anaonunua baada ya kuona tangazo.

Sisemi kwamba mwenye kituo asilipwe. Habari ina gharama. Kumpeleka mwandishi na kamera Tunduru au Turkana si jambo la bure, na kampuni inayouza madishi kwa kujivunia jasho la mwingine haiwezi kudai kwamba inamfanyia hisani. Wala sisemi kwamba hamali abebe kila kitu kwa hasara. Nafasi katika setilaiti hukodishwa kwa fedha nyingi, na kila chaneli inayopandishwa hula sehemu yake.

Ninachosema ni kwamba mambo matatu yaamuliwe kabla ya ugomvi, si siku ya ugomvi. Kwanza, vijulikane vituo ambavyo ni haja ya umma, vile vinavyotoa habari, matangazo ya uchaguzi na maonyo ya mafuriko na magonjwa, navyo visizimwe kwa sababu ya bei. Pili, wawili wakishindwa kupatana, awepo msuluhishi mwenye muda maalumu, na matangazo yaendelee wakati shauri likisikilizwa. Atakayeonekana kuwa na haki alipwe malimbikizo yake. Tatu, mteja aliyelipa mwezi wake akakatiwa chaneli arudishiwe fungu lake bila kuomba. Kampuni ikijua kwamba kila siku ya kioo cheusi inaitoka fedha, itapatana upesi ajabu.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli. Lakini nyasi hazina kura, hazina risiti, wala hazina mahali pa kupeleka malalamiko. Sisi tunavyo vyote vitatu. Siku nyingine chaneli yako ikitoweka, na kioo kikakuelekeza umlaumu huyu au yule, usikimbilie kushika upande. Uliza kwanza swali ambalo wote wawili hawapendi kulisikia: mimi niliyelipa, fedha yangu iko kwa nani?